Barua Zako Zilizokatwa Stempu

Kwako Baba, katekista,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu hapa Columbia Heights, Minnesota. Theluji imefika usawa wa tairi za gari na shifti yangu inaanza saa tisa. Salamu sina. Hukunijulia hali miaka ishirini na miwili, na sasa umekufa, kwa hiyo leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Nilifika kanisani kwa Padri wako, yule mmisionari Mwingereza. Ndiyo, lile lile la Uingereza ambalo picha yake uliitundika sebuleni juu ya picha za watoto wako. Mama alinipigia simu baada ya mazishi, analia: "Wakesho mwanangu, kitu kimoja tu. Kamwandikishe babako kwenye kile kitabu." Sikuuliza kitabu gani. Tangu utotoni ulitujaza masikio nacho: kwamba kijijini kwa Padri kuna kitabu cha marehemu, kila Novemba majina husomwa kanisani, na Padri alikuahidi kuwa siku ukifa na lako litasomwa. Hukutaka kingine duniani. Nyumba yetu kule Taita ilivuja miaka nenda miaka rudi, wewe unawaza kitabu.

Basi nikamwahidi Mama. Nikaomba ofu kule New Hope ninakolea wazee, na safari yangu ya kuja nyumbani kuona kaburi lako nikaipitisha London. Treni, halafu basi, halafu miguu. Ungeliona hilo kanisa, Baba, ungepiga magoti barabarani. Mawe ya kale yameota kuvu, makaburi yameinama huku na huku, na mlango mfupi hata mimi nilijikunja. Ndani baridi kama friji. Mabenchi ya kukaa watu mia mbili, na bibi mmoja tu anapanga maua.

Nikamwambia mimi ni mtoto wa nani, na kwamba nimekuja kuandikisha jina kitabuni. Akashika mdomo. "Yule bwana wa barua!"

Kumbe walikujua. Kila Krismasi uliwaandikia, tena kwa Kiswahili, hata baada ya Padri kufa na wewe unajua vizuri kuwa hakuna tena wa kuwasomea. Mama alikuuliza wataelewaje, ukamjibu, "Roho Mtakatifu hahitaji mkalimani." Haya, njoo uone. Bibi alinitolea sanduku la viatu kutoka chumba wanachovalia mapadri. Barua zote zimo. Kila bahasha imekatwa pembe, maana wao hukusanya stempu za kigeni na kuziuza kusaidia vipofu. Barua zenyewe haijafunguliwa hata moja. Mkasi ulipita mpaka ndani ukala salamu zako. Miaka yote hiyo ulikuwa unawapelekea stempu, Baba. Nilicheka, na sikuona haya kucheka kanisani.

"Tuliogopa kuzitupa," bibi akasema kwa upole. "Hebu tusomee. Tumetamani sana kujua alisema nini."

Nikaanza kufungua. Mvua, mahindi, kipaimara, askofu amekuja, askofu ameondoka. Kisha nikafika mwaka ule.

Unaukumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na mimba ya miezi minne. Mchungaji alitaka jambo liishe kimya kimya, wewe ukakataa, ukasimama mbele mwenyewe ukasoma jina langu kuwa nimetengwa, nisiikaribie meza ya Bwana. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nikahamia benchi la nyuma, na tulipotoka ibadani nguo zangu nilizikuta uani. Nikaenda kwa shangazi Mombasa, nikamzaa Mkamburi. Nilijua umenikasirikia. Miaka yote nilijua hivyo tu, kwamba una hasira, na kwamba ipo siku itakutoka.

Kumbe Waingereza uliwaandikia hivi: "Binti yetu wa kwanza, Wakesho, amelala katika Bwana kwa homa. Tumemzika karibu na bibi yake. Watu walijaa hadi barabarani. Mniombee."

Ala! Watu walijaa! Homa umenipa, na waombolezaji umenipa! Mimi niko Mombasa nafua nguo za watu, tumbo limenitangulia, na wewe umekaa sebuleni unanizika kwa mwandiko mzuri. Barua ya mwaka uliofuata unasema bado unanililia. Muongo mkubwa wewe. Mwanao yu hai, nauli ya basi tu ingekufikisha, na ulichagua kumlilia kwa watu usiowajua.

"Anasema nini?" bibi akauliza.

"Mwaka huo alifiwa na binti yake mkubwa."

"Masikini. Dada yako?"

"Dada yangu," nikasema.

Akafuta macho, bibi wa watu. Akaenda akakileta kitabu chenyewe, kizito, jalada la ngozi, akakifungua penye mstari mtupu na kunipa kalamu.

Nilipotoka Minnesota nilikuwa nimekusudia kukuandika, Baba. Nakuambia ukweli. Nilimwahidi Mama, na mimi mwenyewe nilitaka yaishe, nimechoka kukuchukia. Nikaandika Wakesho. Nikaongeza na jina la ukoo, nikafunga kitabu.

"Na baba yako?" bibi akauliza. "Bado yupo?"

"Yupo," nikamjibu. "Mzima kabisa. Anawasalimu."

Mama nilimwambia jina limeandikwa, naye akapiga vigelegele kwenye simu. Hakuuliza zaidi. Hilo linaniuma kwa sababu yake, si kwa sababu yako. Mkamburi nilipomsimulia aliniambia kwa Kiingereza chake kwamba huo ni ukatili. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ni ukatili, nimeurithi.

Mwezi uliopita bibi aliniandikia. Wamesoma majina. Watu walikuwa kumi na mmoja, wakasimama, na walipofika kwangu akawasha mshumaa wa peke yake kwa ajili ya yule msichana wa homa. Lako halikusomwa. Mwakani pia halitasomwa, wala mwaka wa baadaye, maana huko kwa Padri wewe hujafa.

Kaa hivyo hivyo, Baba. Mimi naenda kazini.

Bintiyo marehemu,
Wakesho