Unga wa Safari ya Angani

Mpwa wangu Zaituni,

Tangu uliponipigia simu kusema umepata kazi ya kurusha ndege ndogo, mimi sikai. Nikikaa nasimama. Kila mlio ukipita juu ya Palma natoka nje na mwiko mkononi, natazama, narudi, nakuta chungu kimeshika chini. Na wajua sijawahi kuunguza chakula maishani, mimi niliyewapikia watu wa kambi ya gesi ya Afungi mpaka mzungu mmoja akalia siku ya kuniaga.

Unakumbuka ulivyokuwa ukikalia mbuzi, unanikunia nazi, nami nakuhadithia siku niliyopanda ndege ya watu sita kutoka Pemba, hii yetu ya Msumbiji? Rubani alinipenda, akaniachia usukani, nikaishika ndege mpaka juu ya Mucojo. Samaki niliwaona mmoja mmoja. Wakubwa walicheka. Wewe hukucheka, uliuliza, "Mjomba, na breki yake iko wapi?" Nikakujibu kule juu breki ni dua. Ukanuna. Ulitaka jibu la kweli, na siku ile nilijua huyu atalifuata liliko.

Umelifuata. Ukapimwa macho, masikio na moyo mpaka daktari akakosa cha kupima. Ukafanya mitihani ya mawingu, ya upepo, na ya Kiingereza, maana huko juu Kireno chetu hakitoshi. Ukaruka na mwalimu, kisha peke yako. Ulipofikisha saa mia mbili za kuruka ukapewa leseni ya kazi. Mimi huku mtaani nikatangaza kwamba lile dege kubwa la asubuhi analiendesha mpwa wangu. Kina mama wakawa wanalipungia mikono.

Ndipo ukaniambia, "Bado, mjomba. Kwenye makubwa unaanzia kiti cha pembeni, na hata hicho hawampi mtu mwenye saa chache kama zangu. Kapteni anatakiwa awe na saa elfu moja na mia tano." Nikauliza kama zile zangu za Mucojo haziwezi kuhamishiwa kwako. "Zile hazina sahihi ya mwalimu," ukasema, ukacheka mpaka simu ikakatika.

Mimi nilielewa upesi, kwa sababu ni mambo ya jikoni. Pilau ya nyumbani kila mtu anapika. Sufuria ya harusi hupewi mpaka watu wamekuona kwenye hitima nyingi, kuni mbichi, mvua, moshi wa macho. Hiyo ndege ndogo ya mizigo na wagonjwa ndiyo hitima zako.

Mama yako ndiye hakuelewa. Tangu siku mji uliposhambuliwa, tukakimbia tukalala porini huku helikopta zikipita juu yetu, dada yangu akisikia kitu angani huinamisha kichwa. Akaniambia, "Mwenye mtoto ni mjomba, sikatai. Lakini alipokwenda Maputo kusoma ulimmwagia unga kizingitini, akaukanyaga, akapanda basi. Ule ni unga wa barabara. Wa angani umeumwaga lini?"

Kwetu mtoto haanzi safari kubwa mpaka kaka wa mama yake amwage unga wa mtama na kumwombea. Bila unga, mama yako hatoi radhi. Bila radhi yake, ulisema, hutatia sahihi mkataba. Na wenye ndege wanangoja jibu lako mpaka Ijumaa.

Usingizi ukanihama. Nikamwendea shehe, akasema dua hufika popote, nenda nyumbani. Nikamuuliza mzee mmoja wa bara, akasema, "Unga ni wa wazee waliolala ardhini, bwana. Angani umezika nani?"

Jana baada ya alasiri nikaegemeza ngazi, nikapanda juu ya bati na bakuli langu. Mtaa mzima ukatoka. "Bwana mpishi, leo unaoka mkate wa malaika?" jirani akaniuliza. Nikataja jina la bibi yako, la mama yako, lako, nikamwaga. Upepo wa ghuba ya Tungue ukauchukua wote. Jirani anadai umeangukia nguo zake alizoanika. Mwongo huyo, haikushuka hata chembe.

Nilipogeuka kushuka, ngazi haikutikisika. Nikachungulia nani ameishika. Mama yako, mikono miwili, uso ameuelekeza juu moja kwa moja.

"Umekwenda?" akauliza.

"Umekwenda."

"Basi mwambie atie sahihi."

Tia sahihi, Zaituni. Na ukipita juu yetu usitutikisie bawa, usishuke chini ili watu wakuone. Fuata sheria zako, ongeza saa zako. Kutangaza niachie mimi. Nitakuwa nje na mwiko wangu, na mama yako safari hii nitamsimamisha karibu yangu.

Ni mimi mjomba wako, niliyeishika ndege mpaka Mucojo.