Gauni Inayonukia Mami

Mama Wanja,

Nimeenda soko la Kimbo kutafuta vifungo. Chai iko kwa thamosi. Wanja amekataa kuvua gauni mpya, kwa hivyo chunga pini, bado ziko kwa pindo.

Sasa usikasirike. Gauni yako ya maua niliikuta imekunjwa juu ya mitumba yangu, nikadhani ni ya kukata. Nikakata. Asubuhi nikimpimia mtoto, alinusa mkono wa gauni akaniambia mimi nyanya yake, "Cucu, nanukia kama mami!" Hapo ndio nilijua nimekata nguo ya nani.

~~Nitakununulia ingine kama hiyo.~~ Kama hiyo sitapata. Mabaki nitakushonea kitambaa cha kichwa, Jumapili muende kanisa mkifanana.

Nikirudi unigombeze. Lakini kwanza mwambie azunguke, umwone.

Cucu