Kibuyu cha Mama Ukutani

Dada Tabu, shikamoo.

Hapa Ihumwa ni upepo na vumbi mpaka kwenye ugali. Kaka yetu amekitoboa kile kibuyu cha mama cha kusukia maziwa, akakipaka vanishi na kukitundika sebuleni. Jana padri mgeni alikisifu, akasema Kilatini kina neno ornamentum: kwanza lilimaanisha zana ya kazi, baadaye pambo, mwisho heshima. Kaka akachekelea kama amesifiwa yeye. Mama alikuwa uani anakula mlenda peke yake, maana kaka hataki wageni wamwone amejifunga kaniki yake. Akaniuliza, "Mgeni mmempa mtindi?" Nikamwambia kapewa soda.

Wabusu watoto, kisha uje tumchukue mama. Heshima ya nyumba hii imeishia kwenye kibuyu.

Mdogo wako,
Neema