Gari la Afande wa Kikorongo

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Bwera.
Nimeuza pikipiki. Miaka tisa tumekuwa pamoja! Mgongo umekataa — daktari kule Kisinga alisema nikiendelea na boda, mwaka kesho nitatembea na fimbo. Jamidah, mke wangu, alifunga pesa kwenye leso akaenda kupika. Sasa ni gari au njaa.

Jumatano, 5 Novemba.
Nimeiona Facebook! Noah ya kijivu, safi, bei nusu ya zile za Kasese mjini. Mwenyewe ni afande. Anasema amehamishiwa kaskazini, anauza haraka, gari iko Kikorongo kwa stoo ya mtu. Nikampigia. Sauti ya amri: raia, usinipotezee wakati, wako wanne wanaitaka. Nikampa jina la mtaani tu, Baba Ramula.
Jamidah alisikiliza yote akichambua maharage. Akauliza, huyo afande ana haraka gani na pesa yetu? Nikamwambia wanawake hawajui magari. Nilisema vibaya.

Ijumaa, 7 Novemba.
Baada ya swala nilikwenda Kikorongo. Masaa mawili pale njia panda, malori yananimwagia vumbi. Hakuna stoo. Hakuna Noah. Birungi, mama wa chai, akaniangalia kwa huruma — wewe ni wa tatu wiki hii.
Nikampigia afande. Akafoka: mlinzi hafungui stoo mpaka utume pesa kidogo ya kushika gari. Kidogo tu! Na jina likitoka lingine usishtuke, laini ni ya mdogo wangu.
Na mimi, baba wa watoto wanne, moyo bado ukasema labda. Haraka haraka haina baraka — si ndiyo nawaambia abiria kila siku? Naona aibu kuandika hili.

Jumamosi, 8 Novemba.
Jamidah alikubali twende kwa Loyi, dada wa kibanda cha kutuma pesa. Lakini kwa sharti moja: namba ya afande iingizwe, jina lionekane, isitumwe hata shilingi. Tukishajua jina, tuulize mtu huyo ni nani.
Loyi akaingiza namba. Akanigeuzia simu.
HUZAIFA BALUKU.
Jina langu! Langu kabisa, kama lilivyo kwenye kitambulisho.
Jamidah akaniangalia. Miaka kumi na minne ya ndoa, hajawahi kuniangalia hivyo. Akauliza polepole, Baba Ramula, unaniibia?
Niliapa. Halafu nikakumbuka. Jean-de-Dieu. Abiria wangu wa ng'ambo ya mpaka, muuza vitenge. Ramadhani ya mwaka jana aliniomba: kaka, nataka laini ya huku na sina kitambulisho ya Uganda, unisaidie. Nikaweka kidole changu kwenye mashine. Nani hapa Bwera hajamsajilia mtu wa ng'ambo laini? Wote tunafanya. Ni ujirani. Hata namba sikuiandika.
Mdogo wangu, alisema yule mwizi. Kumbe mdogo wake ni mimi.

Jumapili, 9 Novemba.
Nimempata Jean-de-Dieu sokoni. Karibu alie. Kaka, ile simu nilishauzisha, mutu mwenye aliinunua alitaka na laini ndani. Sikuwaza mubaya. Mi siko mwizi!
Namwamini. Inanisaidia nini?
Kwenye kundi la magari la Facebook, mwalimu Kobugabe wa Kitswamba ameandika yaliyompata. Alituma yote, gari hakuona. Jina la mwizi ameliweka kwa herufi kubwa, na watu wanalilaani chini yake, mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho anasema anamjua huyo Huzaifa, alikuwa na pikipiki stendi ya Bwera, ameiuza juzi. Ona sasa! Hata pikipiki yangu imekuwa ushahidi.
Jamidah anasema twende polisi wenyewe kabla hawajaja. Nitakwenda. Afande wa kweli ataniuliza, kidole ni cha nani? Changu.
Lakini Jamidah anasema kwanza mwalimu asikie kwetu. Namba yake tumeipata. Nimejaribu maneno mara tatu hapa kitandani: Mwalimu, naitwa Huzaifa Baluku, si mimi niliyekuibia. Hata kwenye masikio yangu ni maneno ya mwizi.
Jamidah amechoka kungoja. Amechukua simu, amebonyeza. Inaita.