Kutoa na Kutoka

Jumatatu, 4 Machi

Leo ni siku yangu ya utafiti, na nimeshinda wodini. Tena! Mwenzangu kaugua, nikaambiwa nimshikie zamu, si niko huru? Ndivyo wanavyosema hapa. Siku za utafiti wanaziita siku za kulala. Haya, nimelala. Nimelala wima, mikono kwenye glavu, mama wa kitanda cha dirishani ananishika shingo.

Mafunzo haya, tuliambiwa, ni ya kuwafundisha madaktari wa uzazi kuuliza maswali. Mpaka sasa nimefundishwa kunyamaza. Mkuu wa mafunzo tunamwita Bingwa. Anadhani ni heshima.

Ijumaa ya wiki ijayo jopo la kutuchagua linakaa. Mmoja wetu atapewa utafiti wake mwenyewe, wengine tunarudi wodini moja kwa moja. Nautaka. Naandika haya hapa kwa sababu hapa hakuna wa kuniambia nina tamaa.

Jumatano, 6 Machi

Kliniki ya Jumatano ni ya wanawake ambao mimba zao hazikai. Mabenchi kwenye korido, chumba kimoja, pazia lisilofika chini. Utafiti wa Bingwa unapima ukubwa wa tatizo, hospitali iamue kama kliniki ibaki.

Leo katoka na majibu ya mwanzo, anatabasamu. Karibu wote wamejibu hapana. Anasema tatizo ni dogo kuliko tulivyodhani, na kliniki ikifungwa, chumba kitawekwa mashine mpya ya picha.

Dogo! Wanawake wako kwenye benchi la waliopoteza mimba, wanaulizwa, wanasema hawajapoteza. Sasa wamefuata nini hapa, kupunga upepo?

Alhamisi, 7 Machi

Mahojiano yameendelea leo, wodini. Nimejibanza nje ya pazia nisikilize. Dada anayehoji anasoma kwenye tableti, hatazami mtu usoni. "Je, umewahi kutoa mimba?"

Kutoa!

Mama wa kwanza kasema Mungu apishe mbali. Wa pili kageukia ukutani. Kawekewa hapana.

Nimeelewa palepale. Kwenye vitabu vyetu vya udaktari, vya Kiingereza, neno ni moja, mimba itoke yenyewe au itolewe. Kwenye rasimu ya maswali mimi niliandika: "Mimba yako imewahi kutoka?" Bingwa kasahihisha bila kuniambia. Kafyeka herufi moja, na msiba wa mtu umegeuka kosa lake.

Nimemfuata ofisini. Hakuinua macho. Kutoka ni lugha ya mtaani, anasema, na maswali yameshapitishwa na kamati ya maadili. Kubadilisha ni kuanza upya, jopo halimsubiri mtu. Maadili, jamani! Kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Daktari, mtafiti hagombani na majibu yake. Ijumaa utayasoma wewe."

Kanitega. Nikisoma, nafasi ni yangu. Nikikataa, nyuma yangu kuna foleni.

Jumapili, 10 Machi

Nyumbani kwa Mama, ambako kaka anaishi na mkewe. Wifi yangu huyu mimba tatu zimemtoka. Sasa ana ya nne, bado changa, ndiyo maana Jumatano Mama alimsindikiza kliniki yetu. Mama alikaa nje ya lile pazia lisilofika chini. Akasikia swali. Akasikia wifi anakawia kujibu.

Wifi alikawia kwa kushangaa. Mama kaelewa vingine.

Mezani watu wanaombana chumvi kwa kidole. Jikoni Mama kaninong'oneza kwamba hospitali haiulizi bure, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nikamwambia ni kosa la neno tu. Kanicheka. Ati wasomi wazima, tena wa mambo ya uzazi, tukosee neno ambalo hata mtoto wa shule analijua? Ndivyo tulivyokosea.

Na kaka! Kwenye mpira hanyamazi, leo kashindwa kumtetea mkewe. Anachambua mifupa ya samaki na samaki kaisha.

Wifi kaosha vyombo vyote, hakukubali nimsaidie. Bila kugeuka kasema kliniki harudi, na tusimfuate. Nina hasira mpaka kwenye kucha. Na aibu pia, maana kwenye utafiti ule jina la pili ni langu.

Jumanne, 12 Machi

Mazoezi ya kusoma mbele ya Bingwa. Kanisifu, ati nina sauti ya kuaminika. Wanawake wale walituletea siri zao, na shukrani ya punda ni mateke. Nimesema asante, profesa. Kweli nimesema! Mdomo huu!

Ijumaa, 15 Machi

Korido, nje ya ukumbi. Nafuata mimi. Naandika nikingoja kuitwa. Ndani wajumbe wanacheka, bila shaka Bingwa kawapa mzaha wake wa siku zote kuhusu mapacha.

Kwenye sentensi ya kwanza nimeandika kwamba swali lilikosewa. Nikaifuta. Nikairudisha. Sijui kama nitaisoma. Mwoga mkubwa mimi.

Simu. Mama. Sauti yake leo si ile ya jikoni. Wifi anatokwa damu, kajifungia chumbani, kaka anagonga mlango na kulia. "Hataki hospitali. Anasema mtamwandika katoa. Mwanangu, mimi nimeshaharibu, mwambie wewe."

Nimesema mpeni simu. Wamempitishia dirishani.

Nasikia anavyohema. Nimemwambia naita gari, nakuja mwenyewe, nitakuwa naye toka mlango wake mpaka wa hospitali, hakuna atakayemgusa kabla yangu. Nimemwambia swali lilikuwa la kijinga na wajinga ni sisi.

Mlango wa ukumbi umefunguliwa. Bingwa ananiita kwa kidole. Nimemwonyesha kiganja, angoje. Kakunja uso, kaangalia saa, bado kasimama pale.

Wifi kaongea mwishowe. Taratibu, bila hasira, afadhali angenitukana.

"Nikifika mkaniuliza tena, nijibu nini?"