Mbavu za Thimios

Xerovrisi, 9 Februari 1977

Mwanangu Anestis,

Nakubusu macho yote mawili, kisha nakuuliza hali. Kile kikohozi kimekuacha? Huko Stuttgart theluji imepungua? Mimi ni mzima, ila goti la kulia linanisimanga kila nikipanda ngazi za kanisa. Kuku wanataga. Mlozi ulio nyuma ya zizi umechanua mapema, kama kawaida yake, haujifunzi.

Nakuandikia kwa jambo moja. Baba yako anatimiza miaka mitatu ardhini mwezi huu. Jumapili baada ya ibada Padri Gerasimos alinisimamisha mlangoni akaniambia, "Despina, makaburi yamejaa. Mzee wa Katina yuko kitandani, anasubiri nafasi tu." Sikukasirika. Ndivyo tulivyo hapa, tunalala kwa zamu. Udongo ukikauka, Jumamosi ya Roho kabla ya Pentekoste, tutamfukua Thimios, tutamwosha kwa divai, tutamweka kwenye sanduku lake nyuma ya kanisa pamoja na wazee wake.

Nataka uwepo. Hukuja kumzika, na mimi sijawahi kukuuliza kwa nini. Lakini kumwosha mfu ni kazi ya damu yake, na damu yake iliyobaki ni wewe peke yako. Njoo, mwanangu. Divai nitatoa ile ya pipa alilokamua mwenyewe mwaka wa mwisho. Imekuwa kali kidogo, lakini yeye hatalalamika.

Mama yako,
Despina


Stuttgart, 6 Machi 1977

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na nibusie mkono wako mwenyewe kwa niaba yangu. Kikohozi kimeisha. Kiwandani kazi ni ileile, meno ya gia asubuhi, meno ya gia jioni. Goti ulipake mafuta ya zeituni yenye kafuri, usingoje mpaka livimbe.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba msimamizi amenikatalia likizo. Nimeichana karatasi ile. Sijamwomba.

Mama, unakumbuka walipomfukua mke wa Skarlatos? Nilikuwa na miaka tisa, nilichungulia katikati ya sketi zenu. Alikuwa hajaoza. Nywele zilikuwa bado zipo. Nikasikia wanawake wakinong'ona kwamba mtu mwenye kinyongo, au aliyefungwa na kinyongo cha mwingine, ardhi haimli. Wakamrudisha chini, na padri akasoma juu yake siku arubaini.

Baba hakusema nami neno moja kwa miaka kumi. Siku ninaondoka, pale barabarani, aliniambia, "Mkate wa waliompiga risasi Lambros hauingii nyumbani kwangu." Kisha akageuka kumfunga nyumbu kamba ambayo ilikuwa imeshafungwa. Mimi sikumjua baba mdogo Lambros, Wajerumani walimuua kabla sijazaliwa. Nilijua tu kwamba nina miaka kumi na tisa na shamba letu ni mawe. Lakini nimeula mkate huo miaka kumi na mitatu, na baba amekufa na lake moyoni.

Nikija, mkafungua, mkamkuta vilevile? Nitasimama wapi mbele ya watu? Ahirisha mwaka mmoja, nakuomba.

Mwanao,
Anestis


Xerovrisi, 14 Juni 1977

Mwanangu Anestis,

Salamu nyingi, na matumaini yangu ni kwamba barua hii inakukuta una afya. Nimekaa kimya miezi mitatu. Sikununa. Nilimwomba padri mwaka mmoja, akasema mzee wa Katina hatangoja mwaka mmoja.

Basi, la kwanza upumue. Ardhi imemla baba yako vizuri. Alitoka safi, mfupa una rangi ya asali, kama wanavyotaka watu wote watoke. Mzee Stelio mchimbaji alipofikia alisema, "Haya Thimio, amka, mkeo amekuja na divai," nami nikacheka nikilia. Hakuna kinyongo, Anestis. Niliona kwa macho yangu.

La pili ni zito. Mimi na Garifalia, binamu wa baba yako, tulikuwa kando na beseni. Stelio anatoa, mimi naosha, Garifalia anapanga kwenye shuka. Nilikuwa nimeshaosha karibu mifupa yote Garifalia akaacha kupanga. Akasema, "Despina. Mapaja matatu."

Tukahesabu tena. Matatu. Mzee Stelio akashuka tena na koleo, akapandisha fuvu la pili.

"Wakimbizi nyinyi hamtosheki," Garifalia akasema. "Kijiji kilikupa mume mmoja, wewe unatoka na wawili."

Ananitania ukimbizi tangu 1924, nilipofika hapa kutoka Kapadokia, kwa Waturuki, nina miaka saba na sijui kusema hata "maji" kwa Kigiriki. Nilimtazama Stelio. Akavua kofia. Kumbe mwaka ule wa maziko mvua ilikuwa nyingi, udongo laini, akachimba kupita kipimo, koleo likavunja bamba la jiwe. Alidhani ni mwamba. Baba yako alilazwa juu ya mtu, na kwa miaka mitatu mifupa yao imechanganyika.

Tulipofuta tope kwenye lile bamba, tukaona mwanamke ameketi kitini, amempa mkono mwanamume aliyesimama. Chini yao maandishi. Mimi niliyesoma madarasa manne nikayasoma herufi kwa herufi, maana ni hizihizi zetu: Filumeni, kwaheri. Basi, hakuna zaidi.

Garifalia akasema, "Funika. Wakija watu wa mambo ya kale, hapa hatazikwa mtu mpaka Kristo arudi." Stelio naye alishika koleo. Unajua watu wetu. Nusu ya kijiji wana kitu chini ya sakafu na hawakisemi. Nami ningefunika, mwanangu, sikufichi. Lakini nusu ya Filumeni ilikuwa ndani ya beseni langu, imeoshwa, na sikuweza kumfunga mke wa watu ndani ya sanduku la mume wangu. Nikaenda mwenyewe kwa mwalimu, akapiga simu mjini.

Alikuja binti mmoja, anaitwa Ioulia, mwembamba, suruali ya kiume, adabu nzuri. Alipoambiwa nimeosha, akafumba macho. "Kwa divai, mama?" "Nzuri," nikamwambia, "ya mwaka sabini na tatu."

Wamechukua vyote. Baba yako yuko makumbusho ya mjini, kwenye rafu, ana namba. Ioulia anasema mafuvu na mifupa mirefu watatenganisha kwa urahisi, ya kale imechakaa zaidi. Mbavu ndizo taabu, za kushoto hasa, zimechanganyika na kuvunjikavunjika. Kile kisichojulikana ni cha nani kinabaki kwao, ndiyo sheria. Nimemwambia sitaki mbavu zake zibaki huko. Moyo wake ulikuwa ndani ya mbavu hizo. Akasema, "Mama, niletee alama yoyote. Alivunjika? Aliugua?" Nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Sikumbuki baba yako kuvunjika popote. Sijui kama nilikosea kwenda kwa mwalimu.

Mama yako,
Despina


Stuttgart, 27 Juni 1977

Mama,

Hujakosea. Na goti je? Hukunitajia goti.

Baba alivunjika. Alinikataza nisikwambie, nami nimetunza neno lake miaka ishirini. Sasa nalitoa, naye anisamehe.

Ilikuwa Novemba 1957, tunavuna zeituni kule juu, kwenye ule mti uliopinda. Wewe ulikuwa kwenye kinu. Baba alikuwa kileleni. Mimi nilitaka kumwonyesha mtoto wa jirani kwamba naweza kubeba ngazi peke yangu, basi nikaiondoa. Sikumwambia. Alishusha mguu, ngazi haipo. Alianguka kwa ubavu wa kushoto juu ya ule mwamba. Nilisikia, mama, kama vile mtu anavunja kuni kavu.

Alilala pale muda mrefu. Mimi nilikuwa nalia. Alipopata pumzi kitu cha kwanza alichosema ni, "Umeumia?" Mimi, niliyekuwa nimesimama chini. Kisha akasema, "Mama yako asijue, atakuchapa na mimi sina nguvu ya kumzuia leo." Tukarudi nyumbani, akakwambia amepata kichomi kwa baridi.

Hujasahau kichomi kile. Ulimlaza kifudifudi, ukamuumika kwa vikombe vya moto mgongoni na ubavuni, siku tatu mfululizo, ukikandamiza. Mimi nilikuwa mlangoni. Aliuma mto. Uliposema, "Inaonekana inasaidia, Thimio," akasema, "Sana."

Ni mbavu tatu au nne za kushoto, za chini. Mwambie binti Ioulia.

Mwanao,
Anestis


Xerovrisi, 24 Julai 1977

Mwanangu,

Nakusalimu kwa moyo mweupe. Goti lipo, linapanda basi kama mimi.

Niliposoma barua yako niliweka vyombo chini nikaketi. Siku tatu nimemuumika mtu mwenye mbavu zilizovunjika, naye ananiambia sana. Kwanza nilimkasirikia. Nilimwambia mengi, peke yangu hapa jikoni, na wewe pia ulipata fungu lako. Kisha nikawaza: mtu huyu alijua kunyamaza, mpaka kunyamaza kukamshinda kuacha.

Kwa sababu hiyo nami nina la kukwambia. Barua zako zilipofika alikuwa akichukua kofia na kutoka, kama ulivyosikia. Lakini hakwenda mbali. Alisimama nje, chini ya dirisha hili, kofia mkononi, na mimi nilizisoma kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Nikimaliza alikuwa akiingia na kuuliza kama kuna maharage. Mara moja tu, ulipoandika una homa ya mapafu, aliuliza, "Wana madaktari huko?" Nikamwambia wanao. Akasema, "Basi." Nilidhani atakwambia mwenyewe siku moja, nikaacha. Hapo nilikosa mimi.

Nilikwenda mjini Jumanne. Ioulia alitandaza mbavu mezani kwenye kitambaa cheusi. Nikamwambia ya ngazi. Hakucheka. Alizipitisha vidoleni moja moja, kisha akaniita, "Mama Despina, shika hapa." Kuna kifundo, kama kile cha tawi lililopandikizwa. Moja, mbili, tatu, na ya nne kidogo. Akasema zilipona vibaya kwa sababu kuna mtu alizikandamiza. Nikamwambia mtu huyo ni mimi. Hapo akacheka, kisha akaomba radhi.

Kwa hizo nne akazipata na jirani zake, kwa rangi na mkunjo. Zote zimetimia. Za Filumeni zilikuwa nyembamba. Anasema hakufika miaka thelathini, na alizaa. Wamemlaza vizuri. Nilimuuliza ana miaka mingapi chini, akasema elfu mbili na mia tatu. Nikamwambia basi nimemwosha baada ya kungoja sana. Mama yangu mimi alikufa akilia kwamba watoto wake wawili wamebaki kwenye udongo wa Kapadokia bila mtu wa kuwaosha. Sijui nani anakaa kijiji kile sasa. Huenda kuna mwanamke amewagusa kwa koleo, akawahurumia.

Tuliporudi kijijini, Ioulia alinionyesha shimo wanalochimba makaburini. Ukuta wake una mistari kama mkate wa matabaka. Hapa chini Filumeni na watu wake, anasema, hapa Warumi, hapa mawe ya Wafaranki waliojenga ule mnara, hapa vigae vya wakati wa Mturuki. Akafika kwenye mstari mweusi karibu na juu, akaandika. Nikamuuliza ameandika nini. "Tanuru la chokaa, labda," akasema.

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Hilo ni jivu letu. Juni 1944, Wajerumani walipochoma kijiji. Paa la kwanza lilikuwa la Lambros."

Alifuta. Akaandika nilivyomwambia, na jina la Lambros, akaniuliza linaandikwaje. Kisha akanionyesha mstari mwingine mweusi, chini sana. "Na huu?" nikauliza. "Huu hatujui nani alichoma," akasema. "Hakuna aliyebaki wa kutuambia."

Thimios yuko nyumbani, chumba chako, juu ya meza. Sijamfikisha kanisani. Padri ananiuliza kila Jumapili, nami namwambia sanduku bado linanuka rangi. Tarehe kumi na tano Agosti ni sikukuu ya Bikira, nami siwezi kuutumia uongo wa rangi kupita hapo.

Mama yako,
Despina


Munich, kituo cha treni, 9 Agosti 1977

Mama yangu,

Natumai u mzima. Nimeomba likizo na nimepewa, ilichukua dakika mbili. Barua hii naiweka kwenye sanduku la posta hapahapa, nami napanda treni ya saa nane. Najua itafika baada yangu. Ikifika niwe nipo au nimetoka, ifungue, uisome kimya, usiniulize. Kuna mambo siwezi kuyasema nikiwa nakutazama.

Miaka yote hii nilidhani ananiadhibu. Niliposoma ya dirishani nilitoka nikazunguka uwanja wa kiwanda mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Najua umeshamwosha. Lakini nitamwosha tena, mimi peke yangu, mlango ukiwa umefungwa. Ukisikia sauti usiingie. Garifalia akija mwambie nimelala, nimechoka na safari.

Nimekuwa nikijaribu kupanga maneno ya kumwambia tangu Stuttgart, na kila nikianza na Lambros au mkate au barabara, najikuta nimerudi mwanzo. Sasa nimeamua. Nitaketi, nitazitoa mbavu kwenye kitambaa, nitaanza na mambo madogo. Nitamwambia huku mvua imekuwa nyingi mwaka huu, na kwamba nimeona kutoka dirisha la treni shamba la ngano limelazwa lote na mvua. Atataka kujua kama bado linavunika.

Mwanao,
Anestis