Kuhama kwa Mashine ya Kaka Yako

Chilgok, nje ya Daegu,
Novemba 19, 1993.

Mpendwa shemeji Pil-gyu,

Hujambo huko Buenos Aires? Gye-sun naye hajambo? Na yule mwanenu wa kucheua maziwa ameanza kutambaa? Natumaini cherehani zenu zinazunguka na wateja hawawasumbui. Sisi huku sote tu wazima, na neno hilo "wazima" leo naliandika kwa kukaza kalamu, maana tumekoswakoswa. Keti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Baridi imeingia. Kabichi za kuvundika kimchi nimeshazitia chumvi, ila nilipoteza hesabu ya vikombe, nikazidisha. Shukuruni mko mbali.

Unajua uchochoro wetu wa mafundi unabomolewa ili barabara ipanuliwe. Tulipata karakana huku Chilgok, juu ya kilima, na vitu vyote vilishahama isipokuwa mashine ya kukereza vyuma, ile uliyojifunzia kazi ukiwa bado na kipara cha shule. Nilimsihi kaka yako tukodi lori lenye winchi, siku yoyote ile. Wapi! Alisema mpaka siku isiyo na mizimu, ile ya kalenda ya mwezi ambayo pepo hawamfuati anayehama.

Sasa shemeji, siku isiyo na mizimu ni nani asiyeitaka? Daegu nzima ilikuwa inahama siku hiyo. Malori yote yenye winchi yalishachukuliwa na waliowahi. Nikamwambia tuhame kesho yake, akasema mashine aliyonunuliwa na mama yake haiwezi kusafiri siku yenye nuksi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ndipo akajitokeza Chun-bae, yule mchomeleaji wa mlango wa pili, na pikapu yake ya tani moja.

"Kaka, hii imeshabeba ng'ombe wawili na baba mkwe wangu."

"Baba mkwe wako ana uzito gani?" kaka yako akamuuliza.

"Ukijumlisha na maneno yake? Hata hiyo mashine yako haimfikii!"

Wakacheka, wazee wazima wasio na akili. Wakainyanyua mashine kwa mnyororo wa kapi, wakaiweka juu ya mbao, wakaifunga mikanda. Springi za pikapu zikalala kabisa, matairi yakatutumka pembeni. Mimi nilisema. Nani alinisikia?

Kisha likaja tambiko. Kaka yako akaweka kichwa cha nguruwe mbele ya pikapu, akasujudu, akayamwagia matairi pombe ya mchele kama kila mtu afanyavyo akitaka safari njema. Angeishia hapo! Lakini akasema mashine nayo ni msafiri, nayo inywe. Akaimiminia birika zima, kuanzia juu hadi miguuni. Pombe ikachuruzika mpaka kwenye mbao, ikakutana na mafuta yaliyokuwa yakivuja chini ya mashine. Chun-bae akapiga makofi. Mimi nikainamisha kichwa, nikaomba.

Niliketi mbele na Chun-bae, nimepakata sufuria ya umeme iliyojaa mchele, kwa kuwa ndiyo hutangulia kuingia mahali papya. Kaka yako alikataa kuketi nasi. Alipanda nyuma, katikati ya mashine na mlango wa nyuma wa bodi, ati aishike isicheze. Mkono wa mtu uishike mashine nzito kuliko gari lenyewe! Lakini nimezoea. Siku zote nasema mimi nina mke mwenza wa chuma, na mke mkubwa ni yeye.

Mjini tulipita salama. Tulipoanza kupanda kilima nikahisi miguu yangu inainuka. Mbele ya pikapu ilikuwa inanyanyuka, na Chun-bae anazungusha usukani bure, matairi hayagusi chini. Huko nyuma kitu kikaburuzika, kisha mkanda ukakatika kwa mlio mkali.

"Shuka, shemeji! Shuka upesi!" Chun-bae amekanyaga breki, uso umempauka. "Mimi nikitoa mguu tunarudi wote bondeni!"

Nilishuka, sijui nilishukaje. Nikamkuta kaka yako amekita mgongo kwenye mlango wa bodi, viganja na magoti viko kwenye mashine, anaisukuma. Zile mbao zilikuwa zinateleza kama sabuni, na mashine inamsogelea kidogo kidogo.

"Baba Hye-ran, ruka!"

"Siruki! Tafuta jiwe uzuie tairi!"

"Tairi lina kosa gani? Mashine ndiyo inakuja! Ruka!"

"Mama aliuza shamba lake la mpunga kwa ajili ya hii! Nilimwahidi nitaitunza! Ondoka hapo, mama Hye-ran!"

Nilimtazama machoni nikaelewa kwamba haachii. Alikuwa ameshaamua kufa nayo, shemeji. Hapo woga wote ukanitoka, zikabaki hasira. Nikaitua sufuria barabarani, nikaenda kusimama nyuma ya pikapu, palepale ambapo mashine ingeangukia.

"Unafanya nini, wee Mal-rye?" Tangu anioe hajawahi kuniita kwa jina.

"Naisubiri. Ikija ituchukue wote, Hye-ran azike mara moja."

"Una wazimu!"

"Ningekuwa na akili ningeolewa na wewe?"

Akaachia. Niliiona mikono yake mitupu hewani, halafu akanirukia, tukabingirika wote mpaka ndani ya shamba la kabichi la watu. Mlango wa bodi ukang'oka. Mashine ikaja chini kwa kishindo ambacho bado nakisikia hata nikikoroga supu, na mbele ya pikapu ikarudi chini kwa nguvu, Chun-bae akagonga paji la uso kwenye usukani. Ana nundu tu. Mashine imepasuka mgongo, vipande viwili. Chun-bae ameikagua akatikisa kichwa, anasema hakuna wa kuiunga.

Nilingoja kaka yako aililie. Hata hakuitazama. Alikuwa anatambaa kwenye kabichi akitafuta kiatu changu kimoja kilichonitoka. Alipokipata akapiga magoti anivishe.

"Mbona ilikuwa rahisi hivyo?" akaniuliza. "Kuiachia. Mbona ilikuwa rahisi?"

Nikamshika mkono, nikamwinua kutoka kwenye kabichi.

Sasa anashinda kwenye karakana isiyo na mashine. Jana asubuhi nimemkuta anaosha mchele. Kaka yako, shemeji, anaosha mchele! Nilidhani amepagawa. Hajui aipeleke wapi ile mikono. Chun-bae anamwomba washirikiane kutengeneza mageti, na wateja wapo, lakini yeye anasema mtu aliyetupa shamba la mama yake barabarani hastahili tena kuitwa fundi. Nikimwambia alifanya vyema, anatazama ukutani. Naye ana haki, maana mimi ndiye niliyeokolewa; ningesema nini kingine?

Ndiyo sababu nakuandikia. Mama hayupo, na wanawe mmebaki wawili tu. Wewe uliyekuwa kitinda mimba, uliyelala ubavuni pake, unaujua moyo wake kuliko sisi wote. Usimpe pole ya mashine. Mwandikie kwamba mama angekuwa pale naye angeiachia.

Msalimie sana Gye-sun, na mwanenu mbusu mashavu yote mawili. Hye-ran anawasalimu, na Chun-bae pia, yeye na nundu yake. Wazee wetu waliotangulia wawaangalie huko ugenini, na mlango wenu usikose wa kuugonga kwa heri.

Salamu za kaka yako hazimo humu. Anasema hana uso wa kukusalimu.

Wako akupendaye daima,
shemeji yako,
Bae Mal-rye